SOMO KWA WAPIGA VYOMBO: KOMPRESA IWEKWE WAPI?

Somo la mwezi huu ni kwa ajili ya hao wapigao gitaa la besi katika kwaya zetu, hapa Mwanza na katika sharika za kandokando ya ziwa. Lakini yafaa wainjilisti na wazee wa kanisa nao walisome, maana ugomvi utokao katika jambo hili huwafikia wao kwanza.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kwaya inaimba, besi inavuma kupita kiasi, na bibi aliyeketi benchi la nyuma hasikii maneno ya wimbo. Mzee wa kanisa ampungia mkono kijana wa besi apunguze. Kijana azungusha kitufe cha sauti kilicho katika gitaa lake, naye apunguza kweli. Walakini sauti itokayo katika spika haipungui ila kidogo sana. Mzee apunga mara ya pili. Kijana apunguza tena, na bado. Apunguza mara ya tatu, ndipo besi inaanguka ghafula, wimbo wote ukabaki mtupu kama nyumba iliyoezuliwa. Baada ya ibada mzee asema, Kijana huyu ni mkaidi, tena amefanya makusudi. Kijana asema, Mzee huyu haupendi muziki wetu. Nao wote wawili hawana kosa. Kosa limo katika mpango wa visanduku vilivyo sakafuni, kati ya gitaa na spika, na hasa katika mahali ilipowekwa kompresa. Jinsi linavyotokea tutaeleza mbele kwa hesabu.

Je, neno hili lastahili kuandikwa katika gazeti la Kanisa? Twasema, Ndiyo. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 14, mstari wa 7 hata wa 9, anapotaka kuwaonya watu juu ya maneno yasiyosikika, achukua mfano wake kwa filimbi na kinubi: chombo hakina faida ikiwa msikiaji hawezi kupambanua kinachopigwa. Wala asiwepo mtu wa kusema ya kuwa gitaa si chombo cha Walutheri. Daktari Martin Luther mwenyewe alipiga luti, chombo cha nyuzi kilicho jamaa ya gitaa, naye aliupenda muziki kupita wengi.

Tena sisi watu wa ziwani hatukuanza jana kuipenda sauti nzito ya uzi. Wakuria wana iritungu, ambalo mvumo wake hutoka chini kabisa. Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane. Wahaya wana enanga. Mpiga nyatiti huketi karibu na ardhi, huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu apate kugonga mti wa chombo chake, hata mtu mmoja akawa kama watatu. Kazi ya kulinganisha sauti, uzi huu usimeze ule, ni ya vidole vyake, navyo vilifundishwa kwa miaka mingi. Mkono ndio kompresa ya kwanza. Mpiga besi asiyeuzoeza mkono wake asitumaini kwamba dukani watamwuzia mwingine.

Kompresa ni nini?

Gitaa la besi la umeme, la namna hii tunayoijua, lilianza kuuzwa mwaka 1951, nalo lilikuwa kazi ya Leo Fender wa California, Marekani. Uzi wake mnene kuliko zote, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Wa pili mara 55, wa tatu mara 73, wa nne mara 98. Sikio la mwanadamu ni zito kuzisikia sauti za chini namna hiyo. Kwa sababu hiyo spika hutumia nguvu nyingi zaidi kutoa besi kuliko kutoa sauti ya mwimbaji, na tofauti ndogo ya kidole huwa tofauti kubwa kanisani: noti moja yatikisa vioo vya madirisha, na ile inayoifuata haisikiki. Kuta za tofali na paa la bati huzidisha mambo, maana jengo nalo huchagua noti zake la kuzikuza na nyingine huziacha.

Kompresa ni chombo kisikilizacho ukubwa wa sauti na kuupunguza kila upitapo mpaka uliowekwa. Mpaka huo na tuuite kizingiti. Sauti iliyo chini ya kizingiti hupita kama ilivyo. Iliyopita juu yake hubanwa kwa uwiano: uwiano ukiwa 4 kwa 1, sauti iliyozidi kizingiti kwa desibeli 12 hutoka imezidi kwa desibeli 3 tu. Kisha, kwa kuwa sauti sasa imepungua, chombo huiinua yote pamoja. Hivyo kilichokuwa kikubwa kimeshushwa, na kilichokuwa kidogo kimepandishwa, navyo vimekaribiana. Kompresa ilitumika kwanza katika kazi ya redio, ili sauti kubwa ya ghafula isiilemee mitambo ya kurushia matangazo. Katika miaka ya 1970 ilitiwa ndani ya kisanduku kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, ambacho wapiga vyombo wakiita pedali. Na Dyna Comp ya kampuni ya MXR ni mojawapo ya zile za kwanza kuenea.

Kwa nini mahali pake pana maana

Vyombo vilivyopangwa kati ya gitaa na spika ni kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo ya maji kutoka ziwani. Wa tatu haoni ziwa. Aijua tu ndoo aliyopewa na wa pili. Kadhalika kila pedali husikia kile tu ilichopewa na jirani yake wa nyuma, hukigeuza kwa namna yake, na kukipeleka mbele. Mama atengenezaye dagaa wa chumvi pale mwaloni Kirumba huosha mchanga kwanza, kisha hutia chumvi, kisha huanika juani. Lakini atiaye chumvi kwanza na kuosha baadaye amepoteza chumvi yake, ingawa kazi alizofanya ni zile zile na dagaa ni wale wale.

Basi kabla ya kuuliza kompresa iwekwe wapi, mpiga besi ajiulize: Nataka kulinganisha nini? Akitaka kulinganisha mkono wake, kompresa ikae karibu na mkono, yaani mwanzoni. Akitaka kulinganisha yale yanayofanywa na pedali nyingine, ikae baada yao. Hilo ndilo shina la somo hili. Kwa kwaya zetu, ambazo mpiga besi hutumia vyombo vichache na kazi yake ni kuwashika waimbaji wasiyumbe, shauri letu ni kuiweka mwanzoni, mara baada ya tyuna. Liko neno moja la kutengua shauri hili, nasi tutaanza nalo.

Kuna kichujio kiitwacho oto-waa. Hiki hufunguka na kufungwa kadiri ya nguvu ya kidole: ukipiga kwa nguvu husema "waa" kwa kinywa kipana, ukipiga polepole hunong'ona. Chombo hiki huishi kwa tofauti za mkono. Ukiitanguliza kompresa mbele yake, umezifuta tofauti hizo kabla hazijamfikia, naye atasimama kama mlango uliopigiliwa msumari. Kwa hiyo oto-waa kwanza, kompresa baadaye; na hapo kompresa itafanya kazi nyingine njema, maana kichujio hicho kikifunguka hutoa vilele vya sauti vya ghafula, navyo vitabanwa. Walakini twasema wazi kwamba hatujauona wimbo wa ibada ulioihitaji sana oto-waa. Aliye nayo na aitumie kwa kiasi.

Pedali ya kukwaruza sauti, ambayo vijana wakiita ovadraivu, ndiyo iletayo mabishano mengi, nasi tutakaa hapo kidogo. Kompresa ikiitangulia, kila noti huingia katika ovadraivu kwa ukubwa ule ule, na ukwaruzo hutoka sawasawa, upige kwa nguvu au kwa upole. Hii yawafaa wale watakao sauti moja tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho. Kompresa ikiifuata, mkono hubaki na mamlaka: ukipiga kwa upole sauti ni safi, ukikaza kidole yaanza kukwaruza, ndipo kompresa inazileta hali hizo mbili zikaribiane kwa ukubwa zisiwashtue waimbaji. Kusikia kwake ni kuzuri. Lakini ina gharama mbili. Ya kwanza, ovadraivu yenyewe hukata vilele vya sauti, yaani imekwisha kubana. Kompresa ikija nyuma yake hukuta kazi karibu imekwisha. Ya pili, ovadraivu hutoa mvumo na chakacho hata pasipopigwa kitu, na kompresa huinua yote iliyopewa, mema na mabaya. Waimbaji wakinyamaza na mchungaji akisema, Na tuombe, ndipo ushirika wote utakaposikia chakacho hicho kama mvua ya mbali. Kwa ajili ya neno hili la pili peke yake twapendelea kompresa itangulie.

Juu ya ekolaiza, chombo cha kupandisha na kupunguza sauti za chini, za kati na za juu, watu wengi hawalifikiri jambo hili, nalo ni kubwa. Kompresa ya kawaida haibagui sauti. Huusikia ukubwa wote pamoja, na katika besi sehemu iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya chini. Ukiongeza sauti za chini kabla ya kompresa, basi kila mngurumo utaiamrisha kompresa kubana, nayo itabana hata zile sauti za juu zitambulishazo noti. Matokeo yake ni besi iliyo nene lakini isiyosema neno. Kwa hiyo kama ni kupunguza matope ya chini, yapunguzwe kabla ya kompresa. Kama ni kuongeza, kuongezwe baada yake. Mpiga besi mwenye ekolaiza moja tu na aiweke baada.

Pedali ya oktava, itoayo sauti ya chini zaidi kuliko ile iliyopigwa, hupenda kupewa noti moja safi, isiyoyumba. Wengine huitanguliza kabla ya vyote. Wengine huweka kompresa kwanza, nao husema oktava huishika noti kwa muda mrefu zaidi. Kila mtu na ajaribu kwa chombo chake. Lakini afikiri kwanza: uzi mnene ni mitetemo 41, oktava yake ya chini ni kama 20 na nusu, nayo karibu inatoka katika mipaka ya sikio. Spika za sharika nyingi haziwezi kuitoa sauti hiyo. Zitatetemeka, zitapata moto, na ushirika hautasikia kitu. Pedali hiyo ikibaki nyumbani hakuna kilichopotea.

Korasi na vyombo vya mwangwi viwekwe baada ya kompresa. Kompresa ikiwa nyuma ya mwangwi huuinua mkia wa mwangwi kila noti inapokwisha, na kanisa lenye paa la bati lina mwangwi wake wa kutosha.

Hesabu ya ule ugomvi

Sasa turudi kwa mzee na kijana. Tuseme kompresa ni ya kwanza, uwiano wake ni 4 kwa 1, na kijana apiga noti zilizozidi kizingiti kwa desibeli 16. Zitatoka zimezidi kwa 4. Mzee apunga mkono. Kijana ashusha kitufe cha gitaa kwa desibeli 8, ambazo si haba: bila kompresa kila mtu kanisani angesikia besi imekaribia nusu ya ilivyokuwa. Lakini sasa noti zazidi kizingiti kwa 8, nazo zatoka zimezidi kwa 2. Spika imepungua desibeli 2 tu, na desibeli 2 ni tofauti ambayo mtu asiyeitegea sikio haioni. Ashusha 8 tena. Noti zimefika kizingitini. Spika imepungua jumla ya desibeli 4, ilhali mkono wake umeshusha 16. Akishusha mara ya tatu yuko chini ya kizingiti, na huko hakuna kubana. Kila desibeli anayoitoa yatoka nzima nzima. Ndiyo ile besi iliyoanguka ghafula, na mzee akadhani ni hasira.

Dawa ni kushusha sauti mahali palipo baada ya kompresa. Kama kuna pedali ya kupunguzia sauti, isiwekwe mbele ya kompresa kamwe, maana hapo hizo mbili zashindana, moja yashusha na nyingine yainua. Iwekwe baada yake. Kama hakuna, kijana atumie kitufe cha kutolea sauti kilicho juu ya kompresa yenyewe, au kile cha kipaza sauti cha besi. Kitufe cha gitaa, kwa mtu atumiaye kompresa mwanzoni, hakiwi tena kitufe cha ukubwa. Kimekuwa kitufe cha kuamua kompresa ibane kiasi gani. Kwa kazi hiyo ni kitufe kizuri sana, naye ajuaye hivyo aweza kuuanza ubeti wa kwanza kwa sauti yenye uhai na kuingia kiitikio kwa sauti iliyokazwa, bila kuinama sakafuni.

Vitufe vyake

Mpiga besi akiisha kuiweka kompresa mahali pake, na avitazame vitufe. Vidogo vya bei ndogo vina viwili tu, vingine vina vitano. Mkubwa wao ni kizingiti, au kile kiongezacho nguvu ya kubana. Kwa ibada yatosha kompresa ishushe noti kubwa kwa desibeli 3 hadi 6. Taa ya kubana ikiwaka bila kuzimika tangu mwanzo wa wimbo, umebana mno. Umeondoa pumzi ya muziki, na wapiga ngoma watakuwa wa kwanza kuona.

Wepesi wa kushika ni neno la kuangaliwa sana katika besi. Mtetemo mmoja wa uzi mnene huchukua milisekunde 24. Kompresa ikishika upesi kupita kiasi na kuachia upesi kupita kiasi, itaufuata mtetemo mmoja mmoja badala ya kuifuata noti, na sauti itapotoka na kukwaruza pasipo ovadraivu yo yote. Ikishika kwa milisekunde 20 hadi 50, ule mguso wa kidole hupita kwanza kabla ya kubanwa, na mguso huo ndio uwaonyeshao waimbaji pigo liko wapi. Kuachia kufuate mwendo wa wimbo. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una milisekunde 600 katika kila pigo, na 300 katika nusu ya pigo. Kwa hiyo kompresa iwe imeachia kabla ya noti inayofuata kuingia. Tenzi za taratibu zavumilia kuachia kwa polepole zaidi kuliko nyimbo za sifa zilizo za mbio.

Mvumo wa umeme

Tumesema kompresa huinua yote iliyopewa. Ikiwa imewekwa kuinua sauti kwa desibeli 8, basi kila mvumo ulioingia kabla yake nao, wakati noti zimenyamaza, hupanda kwa desibeli 8. Umeme wa Tanzania hutetemeka mara 50 kwa sekunde, nao ukipenya katika waya mbovu wa gitaa hutoa mvumo ulio karibu na noti ya chini ya G, ambayo ni mitetemo 49. Yaani mvumo huo waingia mle mle besi inamokaa, tena hauko sawa na noti, hata wimbo wote huonekana umepotoka kidogo na mtu hajui sababu. Ushirika uliokusanya sadaka kwa ajili ya vyombo, ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, ununue kwanza waya nzuri na chombo bora cha kuzipa pedali umeme, ndipo ufikiri kompresa. Unyevu wa ziwa huzitia kutu jeki. Zifutwe mara kwa mara kwa kitambaa kikavu.

Tena kuna wale ambao, wakiusumbuka mvumo, hukata pini ya ardhi katika plagi, na mvumo hunyamaza kweli. Jambo hili ni la kukatazwa kabisa na kila mzee wa kanisa. Mpiga gitaa amezishika nyuzi za chuma kwa mikono miwili, na mdomo wake uko karibu na maikrofoni ya chuma. Vyombo vikikosa njia ya ardhi, umeme ukivuja utafanya njia yake katika mwili wa mtu huyo. Wimbo hauna thamani hiyo. Aitwe fundi wa umeme aliye na ujuzi.

Mtu wa miksa

Mara nyingi besi haiishi katika kipaza sauti chake. Hupitishwa katika kisanduku cha D.I. mpaka kwa mtu wa miksa, na miksa nyingi za kidijitali zina kompresa ndani yake. Basi hutokea kwamba kijana amebana sakafuni, na mtu wa miksa, asijue, amebana mara ya pili kwa nguvu ile ile. Uwiano wa 4 kwa 1 ukifuatwa na mwingine wa 4 kwa 1, kwa sauti iliyovipita vizingiti vyote viwili, huwa 16 kwa 1, na huo si ulinganifu tena, ni ukuta. Wawili hao wapatane kabla ya ibada. Njia njema ni kijana abane kidogo mwanzoni, kama 2 au 3 kwa 1, kwa ajili ya mkono wake; na mtu wa miksa aweke kizingiti cha juu sana mwishoni, kisichogusa kitu siku zote ila siku waya inapochomolewa ghafula au mtu anapoangusha gitaa. Huyo wa mwisho ni mlinzi wa spika. Kazi yake ni nyingine kabisa, na mmoja hawezi kufanya kazi ya mwenziwe vizuri.

Kwaya zisafirizo zijihadhari na jambo dogo. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwenda Sengerema kwa mkutano wa injili kumekuwa kwepesi, wala vyombo havingoji tena kivuko. Lakini pedali zitiwazo katika mfuko mmoja na kupangwa upya kila zifikapo hazirudi katika mpango wao. Zifungwe juu ya ubao mmoja, pamoja na waya zake.

Jinsi ya kujaribu

Mpiga besi asiyaamini maneno yetu tu, wala ya rafiki yake, bali ajaribu katika kanisa lake mwenyewe, kwa maana jengo la Nyamagana si jengo la Ukerewe. Achague tenzi moja katika Mwimbieni Bwana ambayo ushirika waijua, na siku ya mazoezi kwaya iimbe beti zake tatu. Ubeti wa kwanza kompresa izimwe. Wa pili iwe ya kwanza. Wa tatu iwe ya mwisho. Kabla ya kuanza ahakikishe kwamba ukubwa wa sauti katika njia zote tatu ni mmoja, avisawazishe kwa kitufe cha kutolea; asipofanya hivyo atachagua ile iliyo kubwa zaidi na kudhani ndiyo iliyo bora, kwani sikio la kila mtu hudanganyika hapo.

Kisha asihukumu yeye. Aliyesimama karibu na spika hasikii wanachosikia wengine. Awaombe watu wawili waketi benchi la nyuma, mmoja awe mtu mzima asiyejua neno lo lote la vyombo, tena asiambiwe ni ubeti upi uliopigwa kwa njia ipi. Waulizwe neno moja tu: katika ubeti upi mmeyasikia maneno yote? Wakijibu kwamba ni ule wa kwanza, uliopigwa bila kompresa, basi kompresa na ibaki katika mfuko mwezi huo, na kijana arudi kwenye mazoezi ya mkono: noti nne kwa kila uzi, mapigo 60 kwa dakika, huku simu ikirekodi, mpaka asikie mwenyewe kwamba zimelingana. Wakijibu kwamba ni wa pili au wa tatu, aandike katika karatasi mahali pa kila pedali na saa ambayo kila kitufe kinaelekea, kama mshale wa saa ya ukutani, na karatasi hiyo aigandishe chini ya ubao, ili kijana atakayepiga Jumapili yeye asipokuwapo aikute.